Tendo Kwanza, Maelezo Baadaye: Maswali na Majibu Kuhusu Filamu Fupi ya Hali Halisi

Anayetaka kutengeneza filamu yake ya kwanza ya hali halisi, ile ambayo wengi huiita dokumentari, kwa kawaida huuliza kwanza anunue kamera gani. Majibu yafuatayo yanashikilia jambo jingine: filamu fupi husimama au huanguka kwa uchaguzi wa tendo moja linalotokea mbele ya kamera, na maamuzi yote ya kupanga, kurekodi na kuhariri hutokana na uchaguzi huo. Mfano tutakaourudia ni ujenzi wa majahazi, kazi inayojulikana sana Nungwi, Unguja, na Matondoni, kisiwani Lamu.

Nina mada ninayoipenda. Nianzie wapi kupanga?

Ipunguze mada mpaka iwe tendo. "Ujenzi wa majahazi" ni mada. Ndani yake mna karne nyingi, biashara, mbao, pepo za kaskazi na kusi, na dakika nane haziwezi kuyabeba yote hayo. "Fundi anakalafati jahazi ambalo lazima lishuke majini bamvua hii" ni tendo. Lina mtu, lina kazi ya mikono ya kuziba mianya kati ya mbao, na lina siku ya mwisho ambayo hakuna aliyeibuni, kwa sababu bamvua, yaani maji makuu, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukipevuka. Chombo kizito kikiyakosa, hungoja kama wiki mbili nyingine. Hakuna haja ya kumwambia mtazamaji kwamba jambo hili ni zito. Ataanza mwenyewe kuhesabu siku. Ushahidi mzuri wa nguvu ya njia hii ni Glas, filamu ya Mholanzi Bert Haanstra ya mwaka 1958. Kwa dakika kama 10, bila msimulizi, tunaona mafundi wakipuliza vioo kwa pumzi zao, kisha mashine za chupa. Chupa moja iliyovunjika shingo inaivuruga mashine, chupa nyingine zinaanguka na kupasuka mpaka mkono wa mtu uingilie kati. Hoja nzima kuhusu binadamu na mashine imo katika tukio hilo, na filamu ilipata Tuzo ya Oscar. Basi kabla ya kurekodi chochote, nenda ufukweni bila kamera, ukae, kisha uandike katika ukurasa mmoja: mtu huyu anataka nini, nini kinaweza kumzuia, na nini kitakuwa kimebadilika mwishoni.

Lakini mambo mengine hayana tendo. Vipi kuhusu historia, au tatizo kubwa kama mabadiliko ya tabianchi?

Pingamizi hili lina uzito, maana hakuna kamera inayoweza kuipiga picha tabianchi yenyewe. Hata hivyo kila tatizo kubwa humfikia mtu fulani siku fulani, na hapo ndipo linapoonekana. Thank You for the Rain, filamu ndefu ya mwaka 2017, ilitengenezwa na Julia Dahr wa Norway pamoja na Kisilu Musya, mkulima wa Kenya aliyerekodi mwenyewe maisha ya familia yake na kijiji chake kwa miaka kadhaa. Ukame na mafuriko, ambayo katika ripoti ni tarakimu, humo ni shamba linalotazamiwa mvua na nyumba inayopigwa na dhoruba. Historia nayo ni vivyo hivyo. Yaliyopita hayarudi, ila kuna mtu leo anayetafuta kaburi, anayefungua sanduku la barua, au anayemfundisha mwanawe kushika tezo kama alivyofundishwa. Kukumbuka nako ni tendo, mradi tumwone anayekumbuka akilifanya.

Je, simu inatosha?

Kwa picha, simu nyingi za leo zinatosha. Kinachowaumbua wanaoanza ni sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini maneno yasiyosikika humtoa katika filamu mara moja. Maikrofoni ya simu iliyo mbali na msemaji hubeba upepo, mawimbi na keekee ya jirani pamoja na sauti unayoitaka. Kwa hiyo fedha za kwanza zinunue maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye kizuia upepo, na kila mara sikiliza kwa visikizi vya masikioni unaporekodi. Kila mahali, rekodi pia nusu dakika ya sauti ya mazingira tupu. Utaihitaji kuziba mianya wakati wa kuhariri. Ndani ya nyumba, kumbuka kwamba umeme wa Afrika Mashariki una masafa ya hezi 50: ukirekodi fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, taa hazitamemeteka ovyo kwenye picha. Upande wa picha, tendo lenyewe linakuelekeza. Chukua jahazi zima, kisha fundi na kazi yake, kisha mikono inayosokomeza pamba kati ya mbao, kisha uso wake anapokagua. Tuliza kamera na uhesabu hadi kumi kila mara. Anayeifukuza kila sauti mpya kwa kamera hurudi na saa nyingi za picha zisizounganika.

Nikimwomba fundi arudie jambo, nimedanganya?

Mwaka 1922, Robert Flaherty alitoa Nanook of the North, filamu inayotajwa mara nyingi kuwa chimbuko la fani hii. Nyumba ya theluji tunayoiona kwa ndani ilijengwa nusu ili mwanga uingie, na mhusika aliyeitwa Nanook jina lake halisi lilikuwa Allakariallak. Zaidi ya hayo, aliwinda kwa chusa mbele ya kamera ilhali jamii yake ilikwisha kuzoea bunduki. Makosa haya hayalingani. Kufungua ukuta kwa ajili ya mwanga hakumpotoshi mtazamaji kuhusu maisha ya watu wale. Kuwanyang'anya bunduki zao kunampotosha. Kipimo ni hicho. Kumwomba fundi apige tena nyundo ili uipate karibu kunavumilika. Kumwomba ajifanye hana msumeno wa umeme ni uongo. Haki ya mhusika inapimwa hivyo hivyo. Mweleze kwa lugha anayoielewa filamu itaonyeshwa wapi, ikiwemo mitandaoni ambako haifutiki kwa urahisi, na upate idhini yake pamoja na kibali cha mamlaka za mahali, kuanzia kwa sheha ukiwa Unguja.

Nihariri vipi bila kuzama katika picha nyingi?

Hifadhi nakala mbili mahali tofauti, kisha tazama kila kitu huku ukiandika saa na dakika ya kila jambo lenye uhai. Panga filamu kwenye karatasi kabla ya kufungua programu. DaVinci Resolve ina toleo la bure linalomtosha anayeanza. Unapounganisha, weka mahojiano kando kwanza. Jenga mfululizo wa tendo peke yake: kazi inaanza, kizuizi kinatokea, maji yanajaa, chombo kinaelea au kinakwama. Mfululizo huo ukishasimama, ndipo uongeze maneno ya fundi pale tu yanapoeleza lisiloonekana. Anayeanza na mahojiano hugeuza picha kuwa pazia la kufunika hotuba.

Watazamaji wetu wamezoea msimulizi. Bila yeye hawatapotea?

Msimulizi ana kazi yake ya haki. Mtu wa bara huenda hajui bamvua ni nini, na sentensi moja itamfungulia filamu nzima. Kosa ni kumtaka msimulizi atupe hisia ambazo tendo halikuzizaa. Kuna jaribio rahisi: mwonyeshe mtu asiyeijua kazi hiyo filamu yako ikiwa imezimwa sauti, kisha umuulize fundi alikuwa anataka nini na kama alikipata. Akijibu, sauti na maelezo vitaongeza kina. Asipojibu, hakuna sentensi ya msimulizi itakayoiokoa; rudi ufukweni bamvua ijayo.