Unauza plenamu ya Fairlady Z? Uza na namna ya kuifunga

Somo la leo ni la wale wanaouza spea za magari mtandaoni. Hata kama wewe unauza vyombo au viatu, soma tu, lako utalipata humo humo.

Mimi nipo Kiabakari, hapa njiani kati ya Bunda na Musoma. Sina fremu ya kioo wala kibao. Nina simu, chumba kimoja cha stoo, na mabasi yanayopita barabarani kila siku kwenda Mwanza, Musoma na Sirari. Mzigo unatoka Gerezani, Dar es Salaam, au naagiza nje. Napiga picha, naposti, mteja analipa, natuma kwa basi. Kwa hiyo mteja hanioni, na mimi gari lake silioni. Katikati yetu kuna fundi ambaye simjui, na yeye ndiye ataamua kama nimeuza kitu kizuri au "tapeli mwingine wa mtandaoni."

Ndiyo maana nasema: spea haijauzwa siku hela ilipoingia. Imeuzwa siku imefungwa, gari likawaka, likatulia. Tuchukue kifaa kimoja chenye mitego mingi tuone, plenamu ya Nissan Fairlady Z, ile Z33.

1. JUA UNACHOUZA

Plenamu ni lile boksi la alumini linalokaa juu ya injini. Hewa inatoka kwenye eyaklina, inapita throto bodi, inaingia kwenye boksi hilo, halafu inagawanywa kwenda kwenye kila silinda.

Z33 ilitoka Japani mwaka 2002 na injini ya VQ35DE, silinda 6, sisi 3,498. Boksi lake la kiwandani limebanwa kwa mbele, maana juu yake kuna boneti. Na hewa inaingilia upande huo huo wa mbele. Matokeo yake silinda za mbele, namba 1 na 2, zina njia finyu kuliko za nyuma. Watengenezaji wengine wakaona hapo pana biashara: wapo waliotoa plenamu nzima yenye nafasi zaidi, na wapo waliotoa kipande cha kuweka katikati ili kuinua ile ya kiwandani.

Ni hivyo tu. Si turbo. Ukielewa hapo, hata maelezo yako kwenye tangazo yatanyooka.

2. JINA LA INJINI HALITOSHI

Swali ninaloulizwa kuliko yote: "Kaka, mimi nina Murano, injini VQ35 hiyo hiyo. Inaingia?"

Haiingii. Murano ya Z50 ina VQ35DE kweli, lakini injini yake imelala kwa upana wa gari, na mfumo wake wa hewa ni mwingine. Ya Z33 imekaa kwa urefu. Tena hata Z33 zenyewe hazifanani: kuanzia 2007 zilikuja na VQ35HR yenye throto bodi mbili, plenamu ya DE haikai hapo. Skyline ya milango miwili, CPV35 yenye injini ya DE, ni ndugu wa karibu wa Z33 na wateja wake wengi huulizia kifaa hiki.

Kwa hiyo usiposti "plenamu ya VQ35" ukaishia hapo. Mteja akikufuata, mtumie ujumbe kama huu kabla hujataja lipa namba:

"Asante bosi wangu. Naomba picha ya kibati cha chesesi, picha ya injini boneti ikiwa wazi, na uniambie kama gari limeshabadilishwa kitu upande wa hewa. Nikihakiki nakujibu leo."

Atakayekasirika kwa kuombwa picha mbili, huyo ndiye angekurudishia mzigo.

3. MZIGO UTOKE UMEKAMILIKA

Mteja mmoja wa Musoma mwenye CPV35 alinunua plenamu kwa muuzaji mwingine, ikamfikia tupu kwenye kiroba. Hakuna gasketi, hakuna boliti. Fundi akapaka silikoni. Gari likawa linazima kwenye kila foleni, na huyo jamaa alikuwa anatakiwa kumpeleka mama yake kliniki Mwanza wiki ile. Alilala na wasiwasi wa kuzimikiwa njiani, kwa sababu ya gasketi. Alipokuja kwangu sikumuuzia plenamu nyingine. Nilimtafutia gasketi sahihi, silikoni ikasafishwa yote, ikafungwa upya, ikatulia. Hadi leo ananiletea wateja.

Kabla ya kufunga boksi, hakikisha:

- Gasketi mpya ipo, tena ya chesesi ile.
- Boliti zipo zote. Plenamu au kipande kinene kinahitaji boliti ndefu kuliko za zamani. Zihesabu, zipige picha.
- Weka rula iliyonyooka kwenye uso unaokutana na injini. Ukiona mwanga chini ya rula, uso umepinda, usitume.
- Chungulia ndani kwa tochi. Vifaa vya kumwaga kiwandani vinaweza kubaki na mchanga au vumbi la chuma. Osha, kausha, puliza kwa upepo.
- Ziba matundu yote kwa karatasi na gundi ya plastiki, ili uchafu wa njiani usiingie.

4. MPE FUNDI KARATASI YA HATUA

Usiseme "fundi anajua." Andika kwa lugha rahisi, iweke juu ya mzigo:

Kwanza, injini ipoe kabisa. Kwenye throto bodi ya injini hii inapita mipira ya maji ya rejeta, ukifungua ikiwa ya moto utaungua. Toa betri upande wa hasi.

Pili, piga picha kila mpira na kila soketi kabla ya kuchomoa. Kuna mpira wa sevo ya breki, wa mvuke wa oili na wa mvuke wa tenki. Ukisahau mmoja, hewa itaingia kwa njia ya wizi.

Tatu, hii ndiyo kubwa. Ukishainua boksi la zamani, matundu ya hewa ya injini yako wazi. Ziba kila tundu kwa tambara safi lisilotoa nyuzi, na uyahesabu matambara. Nati moja ikidondokea humo gari likawashwa, inavutwa hadi kwenye silinda. Hapo unazungumzia valvu na pistoni, pengine injini nzima.

Nne, kwangua gasketi ya zamani taratibu, alumini ni laini. Weka gasketi mpya kavu, bila silikoni, isipokuwa mtengenezaji ameandika vinginevyo.

Tano, toa matambara, yahesabu tena, ndipo uweke plenamu. Ingiza boliti zote kwa vidole kwanza. Halafu kaza kwa awamu, kwa mpangilio na kipimo cha kitabu, kwa spana inayopima nguvu. Ukikaza kwa hasira, meno ya alumini yanakwanguka.

Sita, shusha boneti polepole. Plenamu nene inaweza kugusa boneti au ile fito inayounganisha shokapu za mbele. Bora ujue hapo kuliko ujue barabarani.

Saba, rudisha maji yaliyomwagika, rudisha betri, washa. Sailensi ikiyumba baada ya betri kutolewa, kompyuta ya gari inaweza kuhitaji kufundishwa upya. Kwa Nissan upo utaratibu wake, fundi mwenye mashine ya kupimia anaujua.

5. JIFUNZE KUSOMA MALALAMIKO

Mteja akipiga simu anafoka, usifoke. Uliza: sailensi iko juu? Inapanda na kushuka? Taa ya injini imewaka? Mashine imeleta kodi gani?

Akikutajia P0171 na P0174 kwa pamoja, maana yake pande zote mbili za injini zinapata hewa nyingi kuliko mafuta. Baada ya kazi ya plenamu, mtu wa kwanza wa kushuku ni hewa inayoingia pembeni: mpira uliosahaulika, gasketi iliyokaa vibaya, boliti iliyolegea. Mwambie fundi asikilize mlio wa kufyonza, au atumie mashine ya moshi. Asimwagie petroli juu ya injini inayowaka ili kutafuta tundu, huo ni moto.

Dakika kumi za kuuliza hivyo zinaweza kuokoa mzigo usirudi.

6. USIUZE NDOTO

Usiandike "inaongeza hosipawa kibao." Na sisi wa kanda ya Ziwa tuna jambo letu. Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takribani asilimia 12, kwa hiyo injini isiyo na turbo inapumua kidogo kuliko ya pwani hata kabla hujagusa kitu. Plenamu haibadilishi hilo. Andika ukweli: "inasaidia hewa kugawanyika vizuri, utaisikia zaidi kwenye mizunguko ya juu."

Ukitaka maneno matamu, tumia historia. Babu wa gari hili, Datsun 240Z, alishinda East African Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Mwaka 1973 usukani ulikuwa kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Hilo ni kweli, na linauza.

7. PIGA HESABU

Tuseme umenunua kwa laki 5, umeuza laki 6 na nusu. Faida laki moja na nusu. Mzigo ukirudi una mikwaruzo ya spana, unarudisha hela yote, halafu unauza tena kwa laki 4 na nusu. Hasara elfu 50. Nauli ya kwenda na kurudi, tuseme elfu 30. Umetoka na hasara ya elfu 80, na ile faida ya laki moja na nusu hujaiona. Gasketi, karatasi ya hatua na picha mbili za mteja ni rahisi kuliko hapo.

Kazi ya leo: chukua bidhaa yako moja inayorudishwa mara nyingi. Andika maswali matatu ya kumuuliza mteja kabla ya kulipa, na hatua za kuitumia au kuifunga, ukurasa mmoja tu. Mzigo unaofuata utoke na karatasi hiyo. Mwenye swali aliweke hapo chini, nitajibu nikishapeleka mizigo stendi.