Utasubiri Foleni kwa Muda Gani?

Mkulima wa chai wa Nyaramba, kaunti ya Nyamira, akifika kituoni kupimiwa majani yake na kukuta wenzake wamemtangulia, anaweza kujua atatoka saa ngapi. Ahesabu walio mbele yake, kisha atazame wanaopimiwa kwa dakika 10. Wakiwa 20 mbele, na wanaomaliza ni 5 kila dakika 10, zamu yake ni baada ya dakika 40 hivi. Afadhali zaidi ahesabu mifuko badala ya vichwa, maana mwenye mifuko minne humweka karani kwenye mizani kwa muda mrefu kuliko mwenye mmoja.

Hesabu za foleni zilianza kwa simu. Mwaka 1909, Agner Krarup Erlang wa Copenhagen alichapisha utafiti wake kuhusu simu zinazopigwa bila mpangilio. Mwaka 1961, Mmarekani John Little alithibitisha kanuni fupi: idadi ya waliopo, ukiigawa kwa idadi ya wanaoingia kila saa, hukupa muda ambao kila mmoja hukaa kwa wastani. Zahanati inayopokea wagonjwa 12 kwa saa, na kwa kawaida ina 18 ndani, humweka kila mgonjwa saa moja na nusu.

Jambo linalotuumiza zaidi ni hili. Chukua dirisha la dawa linaloweza kuhudumia watu 30 kwa saa. Watu wakija ovyoovyo, na shida zao zikitofautiana, toa wanaokuja kwenye 30, kisha gawa 60 kwa kinachobaki. Wakija 24 kwa saa, kila mmoja hukaa wastani wa dakika 10. Wakija 27, dakika 20. Wakija 29, saa nzima! Wawili tu wameongezeka, na muda umekuwa mara tatu. Mhudumu hajazembea, amekosa nafasi ya kupumua. Mwongezee mwenzake, watu wabaki katika foleni moja wakienda kwa anayekuwa huru, na wale 29 watakaa dakika zisizofika 3.

Kwa chai, kanuni hii ya kutoa haifai siku wote wanapofika kwa mkupuo. Hapo rudi kwenye mifuko. Na kabla ya kudai karani wa pili, kamati ya kituo iandike kwa wiki moja wanaofika kila saa na wanaopimiwa. Karatasi hiyo ndiyo ya kupeleka mkutanoni.