SISIMIZI NYUMBANI: KUWAONDOA BILA KUMDHURU MTOTO

Somo la afya ya nyumbani. Lisomwe katika familia na katika vikundi vya akina mama na akina baba. Anayejua kusoma amsomee jirani.



Mvua zinapoanza, zile za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Desemba, maji huingia katika mashimo ya sisimizi nao huhama kutafuta pakavu. Pakavu ni nyumbani kwako. Asubuhi unakuta mstari mweusi umepanda ukutani, umevuka jerikeni, umeingia katika unga. Usiku mtoto analia, unawasha taa, unawakuta kwenye nguo zake. Una haki ya kukasirika. Lakini soma somo hili kabla ya kwenda sokoni kununua dawa, maana sisimizi wa kawaida hawaui mtoto, na dawa yao inaweza kumuua.

Somo linawahusu wanaokaa kambini, iwe Mahama, Kiziba au kwingineko, na pia wale waliotoka kambini na kupanga chumba Kigali, kwa mfano Kibagabaga. Nyumba ya udongo na shitingi si sawa na chumba cha uani chenye sakafu ya saruji, lakini sisimizi ni walewale, na mtoto anayetambaa ni yuleyule: kila anachookota hukipeleka mdomoni.

KWANZA MJUE MDUDU WAKO

Sisimizi ni wale wadogo wanaofuata sukari, mafuta na makombo. Siafu ni wengine kabisa. Hao tutawazungumzia mbali. Mchwa hula mbao na nguzo, hawamfuati mtoto, na hatutawazungumzia leo.

Sisimizi mmoja akipata chakula, akirudi shimoni huacha harufu njiani. Wenzake hunusa harufu hiyo na kuifuata, nao huiongeza, ndiyo maana mstari huwa mnene kadiri muda unavyopita. Unaowaona ni wachache tu waliotumwa chakula. Malkia anayetaga mayai yuko chini, hatoki. Kwa hiyo ukiwakanyaga mia moja, au ukiwapulizia dawa ukutani, kesho watakuja mia nyingine kwa njia ileile, kwa sababu harufu bado ipo na chakula bado kipo.

Basi kazi yetu ni mbili: kufuta harufu na kuondoa chakula.

KUFUTA NJIA, KUFUNGA MLANGO

Usiwafute mara moja unapowaona. Kwanza wafuate kwa macho hadi uone wanapotokea na wanapokwenda. Kisha chukua kitambaa, maji na sabuni, ufute mstari wote kuanzia kwenye chakula mpaka kwenye ufa. Sabuni ya kipande inatosha; wenye siki au ndimu wanaweza kuitumia, lakini hakuna haja ya kuinunua. Ufa uzibe kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri, na kwenye saruji uzibe kwa saruji. Rudia kufuta siku tatu au nne mfululizo. Wengi hufuta siku moja, wakiwaona tena wanasema sabuni haifai.

Chakula ndicho kigumu, hasa mahali pa kulala na kupika pakiwa chumba kimoja. Unga, sukari na maharage vikae katika ndoo au kopo lenye kifuniko kinachobana. Gunia halizuii sisimizi. Mafuta hupanguswa kwenye shingo ya chupa baada ya kumimina. Kama mtoto wako anapewa Plumpy'Nut, ujue ile pakiti ya gramu 92 ni tamu na ina mafuta, nao huipenda kuliko kitu kingine chochote nyumbani. Asipoimaliza, kunja mdomo wa pakiti, ubane, uitie katika kopo lenye kifuniko. Usiifiche chini ya mto.

Angalia pia mwili wa mtoto. Maziwa yanayomwagikia shingoni, uji uliokauka kwenye vidole na kifuani, hayo ndiyo yanayowaita usiku. Mpanguse kwa maji kabla hajalala na umbadilishe nguo iliyolowa uji. Mkilala chini kwa mkeka, pasiliwe chochote juu ya mkeka huo, na asubuhi ukung'utwe nje.

Wenye kitanda au meza, wekeni kopo fupi chini ya kila mguu na kutia maji yenye tone la sabuni. Maji matupu hayatoshi, kwani sisimizi ni mwepesi, huelea hadi akavuka, sabuni humzamisha. Kitanda kisiguse ukuta, na blanketi lisiburute chini, la sivyo mmewajengea daraja. Maji hayo yabadilishwe kila baada ya siku mbili, yasije yakawa mazalio ya mbu. Ukingo mkali wa kopo ukunjwe ndani. Usitumie beseni badala ya kopo kama una mtoto anayetambaa, maana mtoto mdogo huweza kuzama katika maji ya kina kifupi sana.

Majivu makavu yaliyomwagwa mstarini nje ya mlango huwazuia kwa muda. Yawe yamelala usiku mzima katika chombo cha chuma, nje, yapoe kabisa. Kaa moja lililofichika ndani ya majivu linatosha kuunguza nyumba ya shitingi na za jirani. Yakilowa mvua hayana kazi tena, na huchubua ngozi ya mtoto, basi yafagie.

Wako wanaomwaga maji ya moto katika shimo. Yanasaidia kiasi, kama shimo liko nje na karibu na uso wa ardhi. Lakini afanye mtu mzima, na mtu mzima mwingine awe amewashika watoto. Sufuria ya maji yanayochemka isipitishwe mahali mtoto anatambaa.

SIAFU WAKIINGIA

Siafu hawaji kutafuta sukari. Huja jeshi zima, huwinda chochote chenye uhai kisichoweza kukimbia. Mtoto mchanga hawezi kukimbia. Kuku waliofungiwa bandani na sungura hawawezi pia.

Ukiwaona, usianze kupigana nao. Mchukue mtoto kwanza, mtoke, kisha mkung'ute nguo zake na kukagua masikio, puani na katika nepi. Fungulia kuku. Waambie majirani, hasa wenye wazee na wagonjwa. Siafu hupita; mara nyingi baada ya saa chache nyumba ni yako tena, na huwa wamekusafishia mende. Wasimwagiwe mafuta ya taa wakiwa ndani ya nyumba, hasa usiku palipo na mshumaa. Palipoumwa paoshwe kwa sabuni. Mtoto akivimba uso au akipumua kwa shida, mpeleke kituo cha afya mara moja.

DAWA ZINAZOUZWA

Hapa ndipo tunaomba usome polepole.

Kuna chaki ya kuua wadudu. Mtoto anaijua chaki kuwa ni kitu cha kuchorea, na mdogo anaitafuna. Ndani yake kuna sumu, mara nyingi deltamethrini, ambayo hupulizwa mashambani pia. Ukichora mstari sakafuni, mtoto atautambalia kwa viganja vyake, kisha atanyonya vidole. Hii chaki isiingie kabisa katika nyumba yenye mtoto.

Kuna unga usio na jina, unaopimwa kwa kijiko na kufungwa katika kipande cha mfuko. Anayeuuza hakuambii ni nini. Ukimeza mtoto, hata daktari hatajua atibu nini. Kuna watu wanaochanganya sukari na sumu kuwavuta sisimizi. Kinachomvuta sisimizi humvuta na mtoto.

Kuna dawa za nyanya, viazi na kahawa. Hizo zimetengenezwa kwa shamba lenye upepo na jua, si kwa chumba kimoja wanamolala watu sita. Kiasi kisichomfanya baba hata aumwe kichwa kinaweza kumlaza mtoto wa kilo nane.

Kuna mafuta ya taa. Yanapotiwa katika chupa ya maji ya kunywa, yanafanana na maji. Mtoto akinywa funda moja likaingia mapafuni, mapafu huharibika.

Wengine husema dawa ya mimea haina madhara, na wanataja pareto inayolimwa Musanze. Ni kweli sumu ya pareto huisha nguvu upesi ikipigwa na jua na haina ukali wa dawa nyingi za shamba. Lakini ni sumu, na mwenye pumu huweza kubanwa kifua. Kutoka katika ua hakuifanyi chakula.

Juu ya vyombo, hatuna maneno mawili. Mwezi wa Julai 2013, katika shule moja ya jimbo la Bihar, nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana cha shule. Mafuta ya kupikia yalikuwa yamewekwa katika chombo kilichokuwa na dawa ya kuua wadudu wa shambani. Chombo kilichokuwa na dawa kitobolewe kisitumike tena, si kwa maji, si kwa mafuta, hata kikioshwa mara kumi. Na dawa isihamishwe kamwe katika chupa ya soda.

Ikiwa baada ya yote hayo mwenye nyumba, huko Kibagabaga au kwingine, ameamua kuleta mpulizaji, una haki ya kuuliza jina la dawa na kuona kibandiko chake. Toa watoto, vyakula, vyombo, magodoro na nguo za mtoto kabla ya kazi kuanza. Uliza mtarudi baada ya saa ngapi. Fungua madirisha, ufute sakafu kwa maji na sabuni kabla mtoto hajashushwa chini. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo. Dawa isipakwe mwilini mwa mtoto wala isipuliziwe kwenye godoro lake kwa sababu yoyote.

MTOTO AKIMEZA

Usimtapishe. Dawa au mafuta ya taa yakirudi juu, huingia mapafuni. Usimpe maziwa wala mafuta ya kupikia. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba maziwa huvunja sumu. Hayavunji, na mtoto akiyatapika anaweza kupaliwa.

Toa kilichobaki mdomoni kwa kitambaa. Nguo zilizomwagikiwa zivuliwe, ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni. Ikiwa dawa imeingia machoni, mimina maji safi taratibu kwa robo saa. Kisha nenda kituo cha afya cha kambi, mchana au usiku, hata kama mtoto anacheka na kucheza. Dalili nyingine huchelewa. Akitokwa na mate mengi, akitetemeka, akisinzia au akipumua kwa shida, hakuna kusubiri gari la kesho. Aliye Kibagabaga ana hospitali papo hapo. Popote Rwanda, gari la wagonjwa huitwa kwa namba 912.

Beba chupa, chaki au mfuko wa dawa yenyewe. Usiogope kulaumiwa. Muuguzi anahitaji kuona kibandiko ili ajue atibu nini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba yako, dawa na mafuta ya taa vimewekwa wapi sasa hivi? Mtoto wa miaka mitatu akipanda jerikeni, anafika?

2. Duka la mtaani linauza dawa katika chupa za soda. Nani atakwenda kuzungumza na mwenye duka, na lini?

3. Usiku siafu wakiingia kwa jirani mzee anayeishi peke yake, nani atamtoa?