Kumvua Besi Penye Gati

Wengi wetu tukipata mshipi na ndoana, kisha tukapata gati la mbao la kusimama juu yake, hufanya jambo lile lile: huenda moja kwa moja mpaka ncha ya gati, tukatupa chambo mbali kadiri ya nguvu za mkono. Twadhani kwamba samaki wako kule mbali, na kazi ya gati ni kutusogeza karibu nao. Nami nilifanya hivyo siku ya kwanza nilipovua katika Ziwa Naivasha, tangu asubuhi hata jua la utosini, nisipate kitu. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu alikuwa amekwisha kupata watatu, wala hakutupa chambo hata mara moja. Alikishusha tu polepole kando ya nguzo. Nilipomwuliza siri yake alicheka, akaniambia, "Kijana, umewakanyaga samaki ukaenda kuwatafuta kwa jirani."

Somo letu ni kueleza maneno ya mzee huyo.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Besi mwenye kinywa kipana si mwenyeji wa Afrika; kwao ni Amerika ya Kaskazini. Aliletwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya mchezo wa kuvua. Wasafiri watokao Kampala kwenda Nairobi kwa barabara huliona ziwa hilo upande wa kuume wakiisha kupita Nakuru na Gilgil. Mgongo wake ni wa kijani, tumbo ni jeupe, na ubavuni ana mstari mweusi uliochakaa kama wino uliomwagiwa maji. Taya lake hufika nyuma ya jicho. Hamfukuzii samaki mdogo mwendo mrefu. Hungoja, kisha hufumbua kinywa ghafula, na maji yaingiapo kwa nguvu humvuta yule mdogo pamoja nayo.

Basi mwenye kuvizia ataka mahali pa kuvizia. Wako wasemao kwamba besi hukaa chini ya gati kwa sababu samaki hana kope, na jua humwumiza macho. Mimi naona sababu kubwa ni nyingine, nanyi mwaweza kuijaribu darasani. Fungeni madirisha yote saa sita ya mchana, mwache mlango mmoja wazi, kisha mmoja wenu asimame nje juani na wengine wakae ndani gizani. Walio ndani watahesabu vifungo vya shati lake. Yeye ataona shimo jeusi tu. Ndivyo ilivyo chini ya gati. Dagaa apitaye juani huonekana wazi, naye hamwoni adui yake hata amekwisha kumezwa.

Kwa hiyo usitafute samaki kwanza, tafuta kivuli. Asubuhi kivuli cha gati huanguka upande wa magharibi, na jioni upande wa mashariki. Mchana jua likiwa juu, kivuli hubaki chini ya mbao tu, na besi naye hujibana huko huko kwenye nguzo. Alfajiri na magharibi, mwanga ukiwa hafifu, huweza kutoka akatembea, na hapo hata mtupaji wa mbali aweza kubahatika. Nguzo zote si sawa. Iliyo bora ni ile ya pembeni, au ile iliyoota majani, au ile ambayo karibu nayo maji huanza kuwa ya kina. Nguzo iliyo peke yake, gati lake limekwisha kuvunjika, usiidharau kamwe.

Jambo la pili ni miguu yako. Ubavuni mwa samaki mna mstari wa vitundu vidogo vidogo ambavyo kwavyo huhisi mtikisiko wa maji. Ukikimbia juu ya mbao, kila kishindo hushuka kwa nguzo mpaka kwake. Vua viatu, tembea kama mtu aingiaye chumba cha mgonjwa, tena anza kuvua kabla hujafika ncha. Kivuli chako nacho kisitangulie mbele yako juu ya maji.

Chambo kishushwe sambamba na gati, ukingoni mwa kivuli, kikizama polepole. Chubwi iwe nyepesi. Mara nyingi besi hukipiga kikiwa kinazama, wala hutasikia mvuto. Utaona tu mshipi umelegea au unakwenda upande. Hapo vuta mara moja, kisha usimpe nafasi! Mvute kwenda maji ya wazi, maana akiizunguka nguzo mara mbili hapana mshipi utakaosalimika. Ataruka juu na kutikisa kichwa, nawe uinamishe fimbo huku ukiuweka mshipi umekazika. Akifika mkononi, mshike taya la chini kwa kidole gumba. Meno yake ni kama msasa tu, hayakati. Kama ni mkubwa, mtegemeze tumbo kwa mkono wa pili.

Asidhani mtu kwamba nguzo ni za samaki wadogo. Mwaka 1932 George Perry alimvua Georgia, Marekani, besi wa kilo 10 na kidogo. Miaka 77 ikapita, hata tarehe 2 Julai 2009 Manabu Kurita akamvua mwenziwe katika Ziwa Biwa, Japani, karibu na nguzo ya daraja. Huyu wa pili alizidi kwa gramu chache tu, nazo hazikutosha kwa sheria ya mashindano, hivyo wote wawili huhesabiwa sawa.

Naivasha ina mashaka yake. Maji ya ziwa hilo hupanda na kushuka sana: mwaka 2009 yalipungua mno, na mwaka 2020 yalipanda yakaingia katika nyumba za watu. Gati ulilolijua mwaka jana laweza kuwa limezama, au limesimama kwenye matope makavu. Tena wako viboko, nao wameua watu. Usivue ukingoni penye mafunjo kukiwa na giza, na kabla ya yote uwe na kibali cha kuvua.

Neno moja juu ya chambo, na hili nalisema kwa ukali kidogo. Mwaka 1970 waliletwa Naivasha kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, na besi huwapenda sana. Lakini usichukue kamba hai, wala samaki hai, ukaenda naye kwenye ziwa jingine au bwawa la shule. Zamani Naivasha ilikuwa na samaki wake mmoja mdogo asiyepatikana mahali pengine. Mara ya mwisho alionekana mwaka 1962, na besi hutajwa miongoni mwa sababu za kutoweka kwake. Walioleta besi walitaka mchezo tu. Sisi wa Ziwa Viktoria, tuliopandikiziwa sangara katika miaka ya 1950, tunajua jinsi samaki mmoja mgeni awezavyo kugeuza ziwa zima.

Mwisho ni kiota. Wakati wa kuzaa, dume la besi hufagia duara kwa mkia wake katika maji mafupi, mara nyingi karibu na nguzo au gogo. Jike hutaga mayai akaenda zake. Dume hubaki kulinda mayai, na baadaye watoto. Siku hizo hukipiga kila kitu kimkaribiacho, si kwa njaa bali kwa hasira, kwa hiyo kumvua ni rahisi mno. Lakini akiondolewa, hata kwa dakika chache, samaki wadogo hujazana kiotani wakala mayai. Ukiona duara jeupe chini ya maji, na samaki mmoja akilizunguka asikimbie hata kivuli chako kikimwangukia, kunja mshipi wako uhamie upande wa pili wa gati.