Mlezi kwa Muuguzi Mpya: Mwongozo kwa Wakuu wa Wodi

Muuguzi anayeripoti kazini huwa ameshafaulu mitihani na kusajiliwa. Asichokijua ni wodi yenyewe: daktari wa zamu hupatikanaje usiku, na ni wakati gani wa kuacha kusubiri na kuita msaada. Hayo yamo vichwani mwa wauguzi wakongwe, ambao katika utumishi wa umma Tanzania wanaruhusiwa kustaafu kwa hiari wakifika miaka 55. Ili wasiondoke nayo, mpango wa ulezi humkabidhi kila muuguzi mpya kwa mwenzake mzoefu, ambaye ndiye mlezi.

Jambo la kwanza, na likikosewa mpango hufa: mlezi asiwe ndiye anayejaza tathmini ya anayemlea. Kipindi cha majaribio ni miezi 12. Anayesubiri barua ya kuthibitishwa hatamwambia mkuu wake kwamba patografu inamchanganya. Atanyamaza, na atakayeumia ni mama aliye kwenye uchungu. Kwa hiyo mkuu wa wodi asimamie mpango, asilee. Wanayozungumza wawili hao yabaki kwao, isipokuwa yanayogusa usalama wa mgonjwa. Sharti hilo liandikwe, nao walisome pamoja siku ya kwanza.

Katika kuteua walezi, cheo na umri visikutangulie. Tazama wauguzi humkimbilia nani wakikwama, kisha umuulize kama yuko tayari. Aliyeshurutishwa atajaza fomu tu.

Mipango mingi hukwama kwenye ratiba ya zamu. Mlezi anaingia asubuhi, mwenzake usiku. Wanaonana wakati wa makabidhiano, mmoja akiwahi daladala. Mwezi wa kwanza wapangwe zamu moja, za usiku zikiwemo. Baadaye watengewe nusu saa kwa wiki, nayo ionekane kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Isipoandikwa, wagonjwa wataimaliza, na hakuna wa kulaumiwa.

Posho itaulizwa. Kama haimo kwenye bajeti, sema mapema, umpunguzie mlezi majukumu mengine na kazi hii uiingize kwenye malengo yake ya mwaka. Barua ya shukrani pekee huchosha, hasa ikiwa ni ya tatu.

Wasiopikika chungu kimoja watenganishwe bila kutafuta mkosaji.

Mwezi wa sita, muulize kila muuguzi mpya faraghani: mara ya mwisho ulipokwama, ulimwendea nani? Akimtaja mwingine badala ya mlezi wake, huyo aliyetajwa ndiye wa kuombwa awamu ijayo.