Kijana Anayetaka Sheria ya Haki Miliki Aanzie Wapi?

Katikati ya miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko kwao neno "Kikoy" liwe alama yake ya biashara. Lingesajiliwa, Mkenya anayeuza vikoi Uingereza angezuiwa kutumia jina la vazi lake mwenyewe. Ombi lilipingwa, kisha likaachwa. Pingamizi la aina hiyo ni makaratasi yaliyoandikwa sawasawa na kuwasilishwa kabla ya muda kupita, nayo ni kazi ya wakili wa haki miliki.

Anayeitamani kazi hii ahitaji C+ katika KCSE, pamoja na B ya Kiingereza au Kiswahili, ndipo asomee shahada ya sheria kwa miaka minne. Baadaye huja Chuo cha Sheria cha Kenya, mafunzo ya miezi sita chini ya wakili, mitihani na kuapishwa.

Kosa la wengi ni kuipa sayansi kisogo mapema. Hataza hulinda uvumbuzi kwa miaka 20, na anayeandika ombi lake sharti aielewe mashine au dawa yenyewe. Fizikia na kemia si mzigo hapa.

Hataza na alama za biashara husajiliwa na KIPI, jijini Nairobi. Nyimbo na vitabu ni vya KECOBO. KIPI huchapisha jarida la maombi, na anayepinga alama ya biashara iliyotangazwa humo ana siku 60. Mwanafunzi aweza kuanza kulisoma sasa, akitafuta majina ya bidhaa za kwao.