Jibu Limo Kifunguni: Maswali na Majibu Kuhusu Mtihani wa Ufahamu

Kila Septemba, watahiniwa wa Darasa la Saba wa Mohoro, wilayani Rufiji, hufanya mtihani uleule wanaofanya wenzao wa Mwanza na Dar es Salaam, kwa kuwa wote hutungiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Maswali yafuatayo yanahusu sehemu moja ya somo la Kiswahili, yaani ufahamu, ambapo mtahiniwa husoma kifungu cha habari na kujibu maswali yanayotokana nacho.

Ufahamu hupima nini hasa?

Hupima uwezo wa kupata maana katika maandishi yaliyo mbele ya msomaji, wala haupimi wingi wa mambo anayoyajua tayari. Kutamka maneno bila kukwama ni ufasaha, na ufasaha ni mlango tu. Mwanafunzi anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, kisha akashindwa kueleza habari ilimhusu nani na kwa nini jambo lilitokea.

Mtahiniwa aanze na kifungu au maswali?

Njia inayofaa wengi ni kuyapitia maswali haraka ili kujua kinachotafutwa, kusoma kifungu chote kimyakimya bila kusimama kwenye kila neno gumu, kisha kurudi kifunguni kwa kila swali. Hatua ya tatu ndiyo hurukwa zaidi, kwa sababu mtahiniwa huamini kumbukumbu yake, ilhali kumbukumbu huchanganya majina, tarehe na mpangilio wa matukio.

Maswali huwa ya aina gani?

Aina tatu hujitokeza mara nyingi, na kifungu kifupi cha mfano kinaweza kuzibainisha: «Mto ulifurika Mohoro ingawa mvua haikuwa imenyesha hapo kwa siku kadhaa. Maji yaliletwa na mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Wakulima wa bondeni waliacha madungu yao wakakimbilia miinuko.» Swali la wazi huuliza jambo lililotajwa, kwa mfano mito iliyoleta maji. Swali la hitimisho hudai kuunganisha sentensi mbili, kwa mfano mvua ilinyesha wapi, ambapo jibu ni sehemu za juu mito hiyo inakotoka, ingawa maneno hayo hayakuandikwa. Swali la msamiati huuliza maana ya neno kulingana na muktadha, yaani maneno yanayolizunguka. Asiyelijua neno «madungu» ataona kwamba ni kitu kilichokuwa bondeni na ambacho watu walikiacha walipookoa maisha yao, na hivyo ataweza kuondoa majibu yasiyowezekana.

Kwa nini anayeijua habari vizuri hukosa?

Kwa sababu hujibu kutoka kichwani. Mtoto wa Mohoro huenda amesikia kwa wazee kwamba mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani hapo Mohoro mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilipoanza. Iwapo kifungu kinaeleza tu jinsi watu walivyomwendea Ngarambe kupata maji ya dawa, na swali likauliza «kwa mujibu wa kifungu» kwa nini alipata wafuasi, habari ya kunyongwa kwake ni kweli ya historia lakini si jibu. Katika maswali ya kuchagua jibu, watunzi huweka majibu ya namna hiyo makusudi, nayo huitwa vipotoshi: majibu yasiyo sahihi yanayovutia kwa kuwa yana ukweli nusu, yanarudia maneno ya kifungu, au yanatia chumvi kwa maneno kama «wote» na «daima».

Mtoto anayezungumza Kindengereko nyumbani ajiandae vipi, hasa vitabu vinapokuwa haba?

Kindengereko na Kiswahili ni lugha za Kibantu zinazokaribiana, kwa hiyo kuzungumza lugha mbili si kikwazo chenyewe. Kinachokosekana mara nyingi ni mazoea ya Kiswahili cha maandishi, chenye sentensi ndefu na viunganishi kama «ilhali» na «licha ya», ambavyo hubeba uhusiano wa mawazo. Tangazo la kijiji, gazeti lililofungiwa bidhaa au kitabu kimoja kinachozungushwa miongoni mwa watoto hutosha kwa zoezi la kila siku, hata kwa mtoto aliye shambani akiamia ndege wasile mpunga. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kusaidia: amtake mtoto asome aya moja, aieleze kwa Kindengereko, kisha kwa kila jibu aweke kidole kwenye sentensi iliyompa jibu hilo. Kidole kikikosa pa kutua, jibu limetoka kwingine.